Pipa la Bwana Dolan

"Miaka kumi na tisa nnakufulia makanzu yanayonuka moshi wa buni, sikukwambia neno. Leo nnakuomba karai lako siku moja tu, unalipandisha darini kama dhahabu ya mirathi. Baba Thani, niambie, karai hilo lina nini?"

Mahfoudh alikuwa kakaa mkekani uani, anapeta buni kwenye ungo, na mtu anayepeta buni ana udhuru wa kunyamaza, maana akifungua mdomo anakula vumbi. Hila hiyo Masouda aliijua tangu siku ya saba ya harusi. Akamsimamia mbele, mikono kiunoni, kivuli chake kikaingia ndani ya ungo mpaka mzee akawa hatofautishi tena buni na changarawe.

"Lina riziki yetu," akasema Mahfoudh hatimaye. "Watu wa Matrah wakisikia karai langu limekaangia pombe, nani atashika finjani yangu?"

"Pombe haikaangwi. Nnakaanga shayiri."

"Shayiri ya pombe."

"Shayiri ya deni."

Hapo ndipo ugomvi ulipokwama, na ilikuwa siku ya tatu. Karai lilikuwa juu darini, limefunikwa gunia, na ngazi ya kupandia ilikuwa ya magogo ya mtende yaliyoachana mno. Mahfoudh hakuliweka pale kwa bahati. Alijua goti la kushoto la mkewe halipandi ngazi tangu mwaka ule waliohama. Mtu akikaa nawe miaka kumi na tisa hujua pa kukuficha kitu.

Deni lenyewe lilikuwa la Unguja. Huko Masouda alikuwa mpishi wa Bwana Dolan, mtu wa Ayalandi, mhandisi wa mabomba ya maji, mrefu, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, mwenye tabia ya kucheka peke yake bafuni. Mkewe, Nora, alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Kiswahili chake alijifunza jikoni kwa Masouda, ndiyo maana alijua vizuri sana kumtukana samaki aliyeoza, lakini hakujua kumsalimu kadhi.

Nyumba ile haikukosa kitu, ila bwana wake alikuwa na kiu moja isiyokatwa na chochote cha dukani. Kwao kuna bia nyeusi, nzito, chungu, yenye povu la rangi ya maziwa. Ya chupa ililetwa na meli, akasema imefia njiani. Basi akaitengeneza mwenyewe. Alikaanga shayiri mpaka ikawa kama makaa, akaichemsha pamoja na rojo tamu la kopo, zito kama asali ya muwa, akatia maua makavu machungu aliyotumiwa na nduguye, akatia hamira, akafunika yote ndani ya pipa la mbao katika kijumba cha nyuma ya bafu. Masouda hakuambiwa. Bwana yule aliona haya kumwambia mpishi wake Mwislamu, na haya hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1961, Shaabani ikielekea mwisho, Masouda aliisafisha nyumba ile kama zinavyosafishwa nyumba zote kungojea Ramadhani. Nyumba ilikuwa ya Wakristo, lakini jiko lilikuwa lake, na Ramadhani haipokewi na jiko chafu. Vyungu vikatoka nje, mikeka ikatoka nje, mitungi ikasuguliwa kwa majivu na makumbi. Kufika kile kijumba cha nyuma akakuta pipa la maji limeharibika. Maji yake meusi, yanatoa povu, yananuka uchachu unaopanda mpaka kwenye macho. Akawasikitikia wazungu wake, watu wazima wanaokunywa kitu kama hiki kwa kukosa wa kuwaangalia. Akayamwaga yote karoni. Akalisugua pipa kwa mchanga na ndimu, akalianika juani, na harufu ilipokataa kutoka akaleta chetezo, akatia makaa, akatia udi na ubani, akalipindua pipa juu ya moshi, kama unavyofukiza mtungi wa maji ya mgeni. Akalirudisha mahala pake likinukia kama chumba cha biharusi, akajiona kafanya kazi.

Bwana Dolan aliporudi akafunua kifuniko, akanusa, akaenda kukaa kwenye ngazi. Masouda alipoelezwa kilichokuwemo, alitamani ardhi ipasuke immeze. Si kwa kumwaga pombe, hapo alidhani pengine ana thawabu. Ni kwa kumwaga mali ya mtu bila idhini yake. Akangoja kufukuzwa. Badala yake yule bwana alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai.

"Masuda," alisema, "nnakudai. Pipa moja."

Ukaanza mzaha usio na mwisho. Akitoa mshahara, pipa langu. Sikukuu yao, pipa langu. Siku aliyotibuka tumbo kwa kula doriani, kalala kitandani rangi ya ndimu, pipa langu. Kwake yeye ulikuwa mzaha. Kwa Masouda deni halina mzaha, kwani alilelewa na mama aliyekuwa akirudisha sindano ya kuazima na uzi wake.

Mwaka 1964 watu wakatawanyika kama buni zilizoanguka na gunia. Mahfoudh alikuwa na ami yake Matrah, bandari ya Omani, na karatasi za babake, wakapata ruhusa ya kuingia ambayo wengi walinyimwa. Walikuja na mtoto wao Thani, karai la buni, chetezo, na furushi la nguo. Thani alipopata ndevu akaenda Kuwait kutafuta kazi. Mahfoudh akaweka meza ya kahawa sokoni.

Miaka miwili baada ya kuhama, mchana wa jua la kukaanga yai, mzee mmoja mwekundu alisimama mbele ya meza ile, na kabla ya salamu akauliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Mahfoudh, mkeo hajanilipa pipa langu?" Kumbe kampuni ya mafuta imemleta kuja kulaza mabomba. Mahfoudh si mtu wa kulia. Siku ile alilia pale pale, mbele ya wauza papa wakavu, na wala hakuona haya. Bibi Nora naye akawa muuguzi wa zahanati ya kambi ya kampuni, akamtafutia Masouda kazi ya kufua mashuka yake. Gari la kampuni likawa linampitia mara mbili kwa wiki.

Mwaka mmoja tu wakapewa. Aprili ya 1967 moyo wa Bwana Dolan ulisimama akiwa kazini, bisibisi mkononi. Alizikwa katika makaburi ya Wakristo, kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na majabali, panapofikiwa kwa mashua tu. Masouda hakwenda. Kwao wanawake hawaendi makaburini, na hata angetaka, mashua haikuwa na nafasi ya dobi. Alibaki nyumbani akapika kahawa ya msiba, birika zima, akaweka finjani kumi na mbili kwenye sinia. Hakuna aliyekuja kuinywa. Nani angekuja? Hata jirani hakujua kama pale kuna msiba.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Bibi Nora, akikunja mashuka na Masouda, huyu ncha hii na yule ncha ile, alimwambia kuwa atatengeneza bia nyeusi ya marehemu kwa ajili ya siku hiyo, rafiki zake wa kambi wainywe kwa jina lake. Sanduku lake bado lina makopo, maua makavu na hamira. Kinachomshinda ni shayiri, vibaba sita vya pipa moja. Kukaanga ilikuwa kazi ya bwana mwenyewe, yeye kajaribu mara mbili kaishia kuita watu wa kuzima moto. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba baada ya hapo atarudi kwao moja kwa moja.

Katika maneno yote hayo Masouda alishika hilo la kurudi. Anayemdai kafa, mrithi wake ni huyu, na mrithi akishapanda ndege pale uwanja wa Bait al-Falaj, yeye atabaki na deni lake shingoni mpaka Kiyama. Na Kiyama hakuna shayiri ya kulipia.

Lakini pombe ni pombe. Masouda hakuwa mjinga wa kujidanganya. Akaenda kwa Bi Shaikha, mwalimu wa chuo, kikongwe aliyefundisha nusu ya wanawake wa mtaa ule kusoma Kurani, akamuuliza kwa kuzunguka. Mtu kamwaga pombe ya asiyekuwa Mwislamu, je, anadaiwa?

"Pombe kwetu haina thamani," Bi Shaikha alisema, "na kisicho na thamani hakidaiwi. Ilikuwa nini kabla haijawa pombe?"

"Shayiri, Bi."

"Kiasi gani?"

"Vibaba sita."

"Basi unadaiwa vibaba sita vya shayiri, Masouda. Lipa, uondoke, usikae kutazama mwenyewe anaifanya nini."

Masouda akajikausha kama si yeye aliyetajwa. Akauliza tena, na kama shayiri ilikuwa imeshakaangwa?

"Ukivunja yai la kuchemsha utalipa bichi?"

Hayo ndiyo aliyokuja nayo nyumbani, mbio, goti na yote. Mahfoudh aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema Bi Shaikha ni mwalimu wa watoto, si kadhi, kisha akatoka, akalipandisha karai darini.

Basi siku ile ya tatu, maneno yalipokwisha, Masouda aliacha kuomba. Alitoa chuma chake cha kupikia mkate, akawasha moto jikoni, akamimina kibaba cha kwanza. Chuma cha mkate ni chembamba, hakina ukingo, kila akigeuza punje zinaruka jivuni. Za chini zikaungua kabla za juu hazijapata habari. Moshi ukatoka, ukamfuata Mahfoudh uani.

Kwa mkaanga buni hiyo ni adhabu. Pua yake ilijua kila kinachotendeka humo ndani kama mtu anayesikia jirani akipiga ngoma vibaya. Alivumilia kibaba cha kwanza. Cha pili akaacha ungo.

"Unaziua," akasema kutoka uani.

"Nnazikaanga."

"Hizo hata kuku hali."

"Kuku hadaiwi pipa."

Alipoanza cha tatu akasikia magogo ya ngazi yanalia. Hakugeuka kutazama. Mwanamke mwenye akili hamtazami mume anayeshuka na kitu alichoapa hatakishusha. Mahfoudh aliweka karai juu ya mafiga, akamsukuma kando kwa kiwiko, akamwaga punje zile mbovu zote, akaomba shayiri nyingine.

"Sikubali," akasema. "Usidhani nimekubali. Ila yule mtu alikunywa kahawa yangu mwaka mzima sokoni, na hakusema hata siku moja kuwa ni nzuri."

"Alisema ya Unguja ilikuwa nyeusi zaidi."

"Nnajua alivyosema. Aliniambia mimi."

Na kweli, kwa wateja wake wa Matrah Mahfoudh alikuwa akikaanga buni mpaka ikawa hudhurungi tu, ndivyo walivyoitaka. Kuikaanga mpaka ikaiva kabisa, mpaka ikalia mara ya pili kwenye karai na kutoa jasho, hakufanya tangu Unguja. Hakuna aliyemwomba. Sasa mkono wake ulikuwa unazungusha mwiko wa mti polepole, haukimbii, haukai, na shayiri inageuka yote kwa pamoja, njano, kahawia, kisha inaanza kupasuka vidogo vidogo.

"Mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka useme imeharibika. Halafu kidogo mbele ya hapo."

Ilipofika weusi wake, harufu ilikuwa si ya shayiri tena. Ilikuwa ya kwao, ya kichochoro cha nyuma ya nyumba yao, alfajiri, kabla watu hawajaanza kugombania maji. Masouda alipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa, na Mahfoudh akakohoa, akasingizia moshi. Jirani yao Kheiria, mama wa kutoka mji wa Sur, mwenye masikio marefu na pua ndefu kuliko masikio, aligonga mlango kuuliza leo kuna arusi au kuna msiba, mbona kahawa inanukia hivi na yeye hakualikwa. Masouda akamjibu kuna deni. Kheiria alikwenda zake akijua kasimangwa.

Vibaba sita, vyeusi, vyote rangi moja. Mahfoudh akalisugua karai lake kwa mchanga mara saba, ingawa lilikaanga nafaka tu, ili Masouda asije akasema kashinda.

Siku ya gari la kampuni Masouda aliingia kwa Bibi Nora na mfuko wa shayiri, kibaba chake mwenyewe, na shingo ngumu. Hakungoja kukaribishwa. Akapima mbele ya macho yake, kibaba kwa kibaba, akihesabu kwa sauti, na kila kimoja akakipiga ukingo kwa kiganja kisije kikawa pungufu. Bibi Nora alishika punje moja, akaitafuna. Akakaa kitini.

Akamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, kwamba hakukuwa na deni. Dolan alikuwa akicheza tu. Tangu siku ile ile ya kwanza alikuwa kasamehe.

Hapo Masouda alikasirika kweli.

"Miaka saba mimi nnalala na pipa la mumeo kifuani," akasema, "na leo unaniambia halikuwepo? Kama alisamehe angesema nimesamehe. Alisema nnakudai."

Bibi Nora akainuka, akafungua sanduku la marehemu, akatoa daftari lenye madoa. Kila pipa alilowahi kutengeneza Bwana Dolan aliliandika humo, tarehe, shayiri, siku za kungoja, na lilivyotoka. Mengi aliyaandika mabaya. Moja aliandika "siki". Nora akafungua ukurasa wa 1961, akausoma moyoni kwanza, midomo ikicheza, kisha akatafsiri. Lile pipa la baada ya Masouda kulifukiza, lililochukua harufu ya udi mpaka ndani ya mbao, marafiki walicheka walipolionja. Yeye aliandika: bora kuliko yote. Na chini yake: nimemwomba Mungu nisiulizwe nililifanyaje, maana bila chetezo cha mpishi sijui kulifanya tena.

"Yeye taka hiyo," alisema Bibi Nora. "Yote miaka, yeye taka hiyo. Haya kusema. Masuda, lete chetezo."

Udi ni wa nguo za biharusi, ni wa mgeni, ni wa sanda. Kwa pombe hautolewi. Masouda akafikiri sana, kibaba kiko mkononi. Akakumbuka lile birika la kahawa lililopoa bila mnywaji, na finjani kumi na mbili. Bwana yule alizikwa bila hata moshi wa chetezo, Masouda mwenyewe akiwa hapa hapa ng'ambo ya majabali, na udi wake sandukuni.

Safari iliyofuata alikuja nacho, kile kile cha Unguja, ukingo umekatika kidogo. Pipa lilikuwa tupu, safi, kavu, halijatiwa kitu. Alilishika mwenyewe juu ya moshi, akaligeuza upande huu na huu, akitaja kwa ndani jina la mtu, si la kinywaji. Kisha akachukua chetezo chake akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akaenda kwenye mashuka. Yaliyofanyika humo baadaye ni ya wenyewe.

Siku ya mwaka ilipita. Wiki moja kabla ya ndege yake, Bibi Nora alikuja Matrah, nyumbani kwao, mara ya kwanza na ya mwisho, kajifunga mtandio kichwani vibaya, Masouda akamfungulia na kumfunga upya pale pale mlangoni. Akasimulia kuwa wanaume tisa walikuwepo. Walionja, wakatazamana, wakauliza ni kitu gani hiki kinachonukia, kama kanisa, hapana, kama harusi. Yeye akawaeleza habari ya mpishi na Ramadhani, akawaeleza mpaka lile la tai. Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Aprili ile. Mmoja wao, mlevi mkubwa, kasema imeungua kupita kiasi, na wengine wakamwambia basi ndiyo yake hasa.

Mahfoudh alikuwa anakoroga birika, anajifanya hasikii.

Masouda hakumwacha mgeni amalize kukaa. Akamwita mumewe aje karibu, kwa kuwa jambo la deni lataka shahidi. Akamwambia Bibi Nora: wewe ndiye mrithi wake, nihalalishie, sema hapa, mbele ya huyu.

Bibi Nora alimtazama, akamtazama Mahfoudh. Alielewa kwamba si mzaha, na kwamba haukuwa mzaha siku hata moja. Akaweka mikono mapajani, akakaa sawa.

"Mimi Nora, mke wa Dolan," akasema. "Pipa lake limefika. Sisi hatukudai kitu, Masuda. Duniani wala huko."

"Nimesikia," akasema Mahfoudh.

Akamimina kahawa. Ilitoka nyeusi kwenye finjani, nyeusi ya Unguja, buni ya karai lile. Masouda aliinusa kutoka alipo, akamtazama mumewe, naye akageuza uso ukutani.

"Kunywa, Bibi," Masouda akamwambia mgeni wake. "Inapoa."